Manowari Juu ya Meza: Kuunda Mfano wa Meli kwa Kufuata Ramani

Watu wa Suna hawana bahari, lakini wanalo Ziwa, na katika Ziwa hilo meli za vita zimekwisha kupigana mbele ya pwani yao. Mtu akitoka mjini Migori, ambao zamani wengi waliuita Suna, akashika njia ya magharibi, hufika katika ghuba ya Karungu, mahali ambapo leo wavuvi huanika nyavu zao na wanawake hungojea omena. Hapo ndipo, katika mwezi wa Septemba 1914, meli mbili za moshi zilipokutana zikipeperusha bendera za mataifa mawili yaliyokuwa vitani. Moja ilikuwa Winifred, meli ya Reli ya Uganda. Ya pili ilikuwa Muansa, meli ndogo ya Wajerumani. Wazee waliosikia mlio wa mizinga siku hizo wamekwisha kufariki, wala meli zenyewe hazisafiri tena. Yaliyobaki ni maandishi na picha chache ambazo kijana wa leo hazioni kwa urahisi.

Iko kazi moja inayoweza kuirudisha meli kama hiyo mbele ya macho ya watu, nayo ni kazi ya kuunda mfano wake kwa mti, kwa kufuata ramani na kipimo. Wengi hudhani kwamba jambo hili ni mchezo wa watoto. Si hivyo. Mtoto hutwaa kipande cha bua, akakichomeka kijiti, akasema, “Hii ni meli,” naye hana kosa, maana hakuahidi zaidi ya hapo. Lakini mtu aundaye mfano kwa kufuata ramani huahidi jambo kubwa: kwamba kila kitu kilicho juu ya meza yake kilikuwako kweli, kwa umbo lile na mahali pale, ila kimepunguzwa tu. Ahadi hiyo ndiyo ugumu wa kazi hii, na ndiyo heshima yake.

MELI ZILIZOKUJA VIPANDE VIPANDE

Hapana nchi inayofaa kujifunza kazi hii kuliko nchi zinazouzunguka Ziwa, kwa sababu meli kubwa za kwanza za maziwa yetu ziliundwa namna hiyo hiyo, yaani kipande kwa kipande kwa kufuata ramani. Meli iliyoundwa Uingereza haikuweza kupanda milima hata ifike Kisumu. Kwa hiyo mafundi wa Bow, McLachlan, katika mji wa Paisley huko Scotland, waliiunda meli ya William Mackinnon yote kwa kuishika na parafujo tu, wakatia alama na nambari katika kila kipande, kisha wakaifungua tena. Vipande vikaletwa Mombasa kwa bahari, na kutoka huko vikasafirishwa bara wakati reli ilikuwa bado haijafika Ziwani, hata vingi vikachukuliwa na wapagazi. Kisumu, ambayo siku hizo iliitwa Port Florence, mafundi waliviunganisha upya, na meli ikashushwa majini mwaka 1900. Winifred na Sybil zilifuata miaka michache baadaye, nazo zilitoka kiwandani humo humo na kuja kwa njia iyo hiyo ya vipande, lakini reli ilikuwa imekwisha kufika.

Wajerumani nao walifanya hivyo katika Ziwa Tanganyika, kwa ukubwa zaidi. Meli ya Graf von Götzen, yenye urefu wa mita 71 hivi, iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg. Ilifunguliwa, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam, kisha ikasafirishwa kwa reli mpaka Kigoma, ambako iliunganishwa na kushushwa majini Februari 1915.

Msomaji na afikiri kidogo habari ya masanduku hayo. Kama fundi wa Papenburg angalikosa kipimo cha tundu moja kwa upana wa ukucha, fundi wa Kigoma asingaliweza kuingiza parafujo, na duka la karibu la kununua kipande kingine lilikuwa ng’ambo ya bahari. Watu wasiojuana, walio mbali kwa safari ya majuma mengi, waliweza kufanya kazi moja kwa sababu wote walisoma karatasi moja. Hiyo ndiyo nguvu ya ramani.

RAMANI YENYEWE

Ramani ya meli si picha ya meli. Picha huonyesha jinsi kitu kinavyoonekana kwa mtu aliyesimama mahali fulani. Cha karibu huwa kikubwa na cha mbali huwa kidogo. Ramani haimjui mtazamaji. Kila kitu ndani yake kimeandikwa kwa kipimo kimoja, kiwe karibu au mbali, na kwa hiyo chaweza kupimwa kwa rula.

Kwa desturi ramani ya meli ina michoro mitatu mikubwa. Wa kwanza huonyesha ubavu wa meli, kutoka omo mpaka tezi, na humo hupatikana urefu, kimo cha milingoti na dohani, na mstari wa maji, yaani mahali ambapo maji hufika meli ikiwa imeelea. Wa pili huonyesha meli kutoka juu, na humo hupatikana upana wa sitaha na mahali pa kila mzinga, kila mlango na kila mashua. Wa tatu ndio unaowatisha wanaoanza, maana huonekana kama maganda ya kitunguu yaliyopangwa moja ndani ya jingine. Huo huonyesha umbo la meli kana kwamba imekatwa kwa msumeno vipande vingi kama mkate. Kila mstari uliopinda ni umbo la mahali pamoja: karibu na omo mistari ni myembamba na mikali, katikati hupanuka, na karibu na tezi huanza kusinyaa tena. Mtu akiisoma michoro hiyo mitatu pamoja, akapeleka jicho lake kutoka huu hata huu, meli huinuka katika akili yake kabla hajagusa mti.

Ramani za meli nyingi za zamani zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho, na lililo mashuhuri kwa jambo hili ni lile la Greenwich, London. Kwa wanaotaka wepesi, viwanda vya Japani na vya nchi nyingine huuza manowari za plastiki zilizokwisha kukatwa tayari, kwa vipimo vya 1 kwa 350 na 1 kwa 700. Lakini anayeanza na ramani na mti hujifunza mengi zaidi, tena gharama yake ni ndogo.

HESABU YA KIPIMO

Kipimo cha mfano huandikwa kwa hesabu mbili. Kikiandikwa 1 kwa 100, maana yake ni kwamba kila sentimita 1 ya mfano ni sentimita 100 za meli, yaani mita 1. Kipimo hiki ndicho chepesi kuliko vyote kwa anayepima kwa mita. Ramani za Waingereza wa zamani hutumia futi na inchi. Ikiandikwa kwamba sehemu ya 8 ya inchi ni futi 1, basi inchi nzima ni futi 8, na kwa kuwa futi 8 ni inchi 96, kipimo hicho ni 1 kwa 96.

Mfano mzuri wa hesabu ni Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyofika Dar es Salaam mwezi wa Juni 1914. Meli hiyo ilikuwa na urefu wa mita 115.3 na upana wa mita 13.2, ilikuwa na dohani tatu, na mizinga mikubwa 10 yenye kinywa cha sentimita 10.5. Tarehe 20 Septemba 1914, mwezi ule ule wa vita vya Karungu, iliizamisha manowari ya Kiingereza iitwayo Pegasus mbele ya mji wa Unguja, kisha ikajificha katika mikono ya mto Rufiji.

Kwa kipimo cha 1 kwa 100, mfano wa Königsberg utakuwa na urefu wa sentimita 115.3 na upana wa sentimita 13.2. Huo ni mrefu kuliko meza nyingi za karani. Kwa kipimo cha 1 kwa 200 urefu huwa sentimita 57.65 na upana sentimita 6.6, nao utakaa vizuri juu ya kabati. Mzinga wake mmoja, ambao mtutu wake ulikuwa na urefu wa mita 4.2, huwa sentimita 4.2 katika kipimo cha kwanza na sentimita 2.1 katika kipimo cha pili. Mtu anayetaka kuhakikisha aweza kwenda Mombasa na futi kamba yake, maana mizinga ya Königsberg na ya Pegasus imewekwa huko watu waione, mahasimu wawili wa Unguja wakikaa sasa katika mji mmoja.

Iko hesabu nyingine ambayo huwashangaza wengi. Kama mfano ni wa kuelea, uzito wake haupungui mara 100 kama urefu unavyopungua. Urefu hupungua mara 100, upana mara 100, na kina mara 100; kwa hiyo uzito hupungua 100 mara 100 mara 100, yaani mara milioni moja. Königsberg ilikuwa na uzito wa tani 3,390. Tani hizo ni kilo 3,390,000, na ukizigawanya kwa milioni moja hupata kilo 3.39. Basi mfano wa 1 kwa 100 lazima uwe na uzito wa kilo 3 na gramu 390 ndipo uzame mpaka mstari wake wa maji. Ukiwa mwepesi zaidi, utakaa juu ya maji kama bata. Ukiwa mzito zaidi, sitaha italowa. Tena yafaa ikumbukwe kwamba maji ya Ziwa hayana chumvi kama ya bahari, kwa hiyo manowari ya baharini huzama kidogo zaidi ikiwekwa Karungu kuliko ikiwekwa Mombasa. Uzito unaokosekana huongezwa kwa vipande vya risasi au chuma, navyo huwekwa chini kabisa, karibu na mkuku, mfano usije ukapinduka.

Hesabu kama hizi si mchezo. Katika miaka ya 1870 mwanachuoni wa Kiingereza William Froude alivuta mifano ya meli katika birika refu la maji, akapima nguvu iliyohitajika, na kwa njia hiyo akaweza kujua kabla ya wakati jinsi meli kubwa itakavyokwenda. Na katika Vita Kuu ya Pili, wanamaji na marubani walifundishwa kuzitambua manowari za adui kwa mifano midogo sana ya kipimo cha 1 kwa 1,200. Rubani aliyekosea huweza kuwapigia mabomu watu wa upande wake. Katika darasa hilo, dohani iliyowekwa mahali pasipo pake ingeweza kuua watu.

MTI NA VYOMBO

Suna haikosi vitu vya kazi hii. Bua kavu la ua la mkonge ni jepesi, hukatika kwa kisu, nalo lafaa sana kwa kujaribia kabla ya kuharibu mti wa fedha. Kando ya Ziwa huota mti mwepesi wa majini ambao Wajaluo huuita orindi, na wavuvi huufahamu kwa kuwa huelea vizuri. Huo nao ni laini, lakini hauchukui sura kali kwenye ncha. Kwa mwili wa mfano ni afadhali ubao laini uliokauka sawasawa, usio na fundo. Ubao mbichi utapinda baada ya miezi miwili, na manowari itakuwa kama ndizi.

Vyombo ni vichache: msumeno wenye meno madogo, randa, patasi nyembamba, kisu kikali, keekee yenye ncha ndogo, msasa wa namna tatu, gundi ya mbao, rula ya chuma, bikari, na karatasi ngumu. Mtu aweza kuanza na nusu ya vyombo hivi na kununua vingine mwezi kwa mwezi.

Njia rahisi ya kuunda mwili wa meli ni ya mbao za tabaka. Kwa kipimo cha 1 kwa 100, ubao wenye unene wa sentimita 1 ni sawa na mita 1 ya meli. Fundi huchora juu ya kila ubao umbo la meli kwa kimo kile, kama ramani inavyoonyesha: ubao wa chini huwa mwembamba, wa juu yake huwa mpana zaidi, na kadhalika mpaka sitaha. Kisha hukata kila ubao, akaupaka gundi, akazipanga zote na kuzibana usiku kucha. Asubuhi huwa na kitu chenye ngazi ngazi ubavuni. Hapo ndipo randa na patasi hufanya kazi, mpaka ngazi zote zimeondoka.

Lakini fundi ajuaje mahali pa kuacha? Hilo ndilo swali kubwa, na jibu lake ni karatasi ngumu. Kila mstari wa mchoro wa tatu, ule unaofanana na maganda ya kitunguu, hunakiliwa juu ya karatasi ngumu na kukatwa, hata karatasi iwe na pengo lenye umbo la ubavu wa meli. Karatasi hiyo huwekwa ubavuni mwa mfano, mahali pake hasa, na kuangaliwa kwa kuelekea mwanga. Nuru ikipita chini, mti umetolewa mno. Karatasi isipokaa, mti umebaki mwingi. Fundi mzuri hupima mara nyingi kuliko anavyochonga. Haraka haraka haina baraka, na katika kazi hii mti uliokwisha kuondolewa haurudi.

Njia ya pili ni ngumu zaidi, nayo hufuata desturi ya mafundi wa meli wenyewe: kwanza mkuku, kisha mataruma yaliyosimamishwa juu yake, kisha vipande vyembamba vya mti vilivyofunikwa juu ya mataruma. Mafundi wa mashua wa Sori na Muhuru wangeielewa njia hii mara moja, ijapokuwa wao hawatumii ramani. Fundi wa Ziwani hupima kwa kamba, kwa shubiri na kwa jicho lililofunzwa na baba yake, na mashua yake hurudi salama na samaki. Hiyo ni elimu kamili. Tofauti ni kwamba elimu ile hukaa katika jicho la fundi, naye akifa bila mwanafunzi huenda nayo kaburini. Ramani humngoja mtu asiyezaliwa bado.

Baada ya mwili kuja vitu vya juu. Mitutu ya mizinga yaweza kuchongwa kwa vijiti vya mianzi, kamba za milingoti kwa uzi mwembamba uliopakwa nta, na dohani kwa karatasi iliyozungushwa juu ya kijiti na kupakwa gundi. Hapo hatari ni kufanya kila kitu kinene mno. Dawa yake ni nyepesi: chonga mtu mmoja wa mti. Mtu mwenye kimo cha sentimita 170 huwa sentimita 1 na milimita 7 kwa kipimo cha 1 kwa 100. Msimamishe juu ya sitaha. Kama vyuma vya pembeni vinamfika kichwani badala ya kiunoni, au mlango ni mdogo asiweze kuingia, basi fundi amekosea.

MFANO HUU NI WA SIKU GANI?

Mtu aliyefika hapa aweza kudhani kwamba amemaliza yaliyo magumu. Bado. Liko swali moja ambalo wengi hulisahau, na wasipoliuliza, mfano wao huwa uwongo mzuri. Swali ni hili: je, meli hii ni ya siku gani?

Ramani huonyesha meli jinsi mafundi walivyokusudia iwe. Lakini meli huishi kama mtu. Huzaliwa na umbo moja, hupata majeraha, huvaa nguo nyingine. Winifred iliundwa kuchukua abiria na mizigo, na anayeiunda kwa kufuata ramani ya kiwandani hataona mzinga wowote. Je, hiyo ndiyo Winifred ya Karungu? Habari za vita zaonyesha jinsi jambo hili lilivyo zito. Katika Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka na kuingia Kisii, na tarehe 12 pakawa na vita vikali huko. Winifred ilitumwa na askari ili iwashushe Karungu. Ilipofika ilimkuta Muansa, naye alikuwa na silaha ambazo Winifred haikuweza kuzijibu, ikalazimika kurudi nyuma. Kisha ikaja tena pamoja na meli ya Kavirondo, na Muansa akaondoka. Baadaye Winifred ilitiwa mizinga yenye nguvu zaidi, ikawa manowari kweli.

Basi mtu akiunda Winifred yenye mzinga mkubwa, akaandika chini yake “Karungu, Septemba 1914,” atakuwa amebatilisha habari yenyewe. Watazamaji watauliza, “Meli yenye mzinga kama huu ilikimbiaje?” na hapatakuwa na jibu. Upungufu wa mzinga ndio uliorudisha askari nyuma siku ile. Kitu ambacho hakikuwako ni sehemu ya mfano sawa na kile kilichokuwako.

Hali kadhalika Königsberg. Ya Juni 1914 ni manowari safi yenye mizinga 10. Ya Rufiji ni meli iliyofichwa kwa matawi ya miti. Tarehe 11 Julai 1915 ilipigwa na Severn na Mersey, ikaachwa na watu wake. Baada ya hapo haina mizinga tena, maana Wajerumani waliing’oa yote na kuitumia katika vita vya nchi kavu. Mmoja ulipelekwa Kigoma na kuwekwa juu ya Graf von Götzen. Na Götzen yenyewe ilizamishwa na Wajerumani mwezi wa Julai 1916, ikainuliwa na Waingereza mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari upya kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 ikatolewa mitambo ya mvuke na kutiwa ya dizeli. Mwili ni mmoja, lakini mifano yake yaweza kuwa mitatu au minne, na kila mmoja una haki ya kuitwa wa kweli kama tarehe yake imeandikwa.

Kwa hiyo kabla ya kukata ubao wa kwanza, fundi na achague tarehe, aiandike juu ya ramani yake, kisha atafute picha na habari za wakati ule. Penye shaka ni afadhali kuacha kitu kuliko kukibuni. Hali kadhalika rangi: picha ya zamani haionyeshi rangi, na anayepaka kwa kubahatisha yafaa aseme hivyo katika kibao cha mfano wake.

MTI ULIOSHINDA MANOWARI

Asidhani mtu kwamba mti uliochongwa hauna nguvu. Mwezi wa Juni 1916 kikosi cha wanamaji wa Kiingereza katika Ziwa Tanganyika, chini ya Spicer-Simson, kilifika mbele ya ngome ya Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga. Kikosi hicho kilikwisha kuteka meli moja ya Wajerumani na kuzamisha nyingine. Lakini Spicer-Simson alipoona mizinga ya ngome alisita, akaondoka, na Wajerumani wakapata nafasi ya kutoroka. Ngome ilipotwaliwa, ikaonekana kwamba mizinga ile ilikuwa ya mbao. Aliyeichonga alikuwa amepata kipimo sawasawa.

Katika vita mfano ulitumika kudanganya. Katika wakati wa amani hutumika kuhifadhi. Mtepe, chombo cha zamani cha pwani kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, haukuundwa tena baada ya nusu ya kwanza ya karne ya 20, na watu wengi wa leo wameujua kwa mifano iliyowekwa katika majumba ya makumbusho kama lile la Lamu. Na mbele ya Ngome ya Yesu, Mombasa, imelala chini ya maji manowari ya Kireno iitwayo Santo António de Tanná, iliyozama mwaka 1697 wakati ngome ilipozingirwa na Waarabu wa Oman. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi waliipima ubao kwa ubao na kuichora, kisha wakauacha mwili wake palepale chini ya maji. Huko kazi ilikwenda kinyume: ramani ilifuata meli, miaka karibu 300 baada ya kuzama. Lakini sasa karatasi ipo, na mwenye subira aweza kuiinua manowari hiyo juu ya meza bila kulowa.

KUANZA

Kwa shule au kwa watu wachache wanaokutana jioni baada ya kazi, ushauri ni huu. Kwanza, chagueni meli ndogo au kipimo kidogo, na mfano wa kukaa mezani uliokatwa kwenye mstari wa maji, kwa sababu sehemu ngumu ya chini huachwa. Pili, gawaneni kazi kama mafundi wa Paisley na Kisumu walivyogawana: mmoja achonge mwili, mwingine dohani na milingoti, mwingine mashua na mizinga, kila mmoja kwake, kwa nakala ya ramani moja na rula ya namna moja. Siku ya kuunganisha itaonyesha nani alipima na nani alikisia. Tatu, mfano ukiisha, andikeni kibao chenye mambo manne: jina la meli, kipimo, tarehe ya umbo lake, na mambo ambayo fundi hakuwa na hakika nayo.

Mfano wa Winifred wenye kibao cha namna hiyo, ukiwekwa katika darasa moja la Karungu, utakuwa na urefu usiozidi mkono wa mtu. Lakini mtoto atakayeinama kuutazama, asione mzinga mkubwa juu ya sitaha, atauliza kwa nini. Na mwalimu ataweza kumwonyesha kwa kidole, kupitia dirishani, maji ambayo meli ile ilifika juu yake, ikageuka, na kurudi tena.